Pesa za kabichi ziko kwenye simu, lakini simu ni ya nani?

BARUA

Mwandishi wa safu, salaam.

Kama nimekuzidi umri nakuita mwanangu. Kama umenizidi, shikamoo. Mimi ni mjane wa miaka 64, mkulima wa mboga huku milimani Lushoto. Barua hii ameiandika mwalimu ambaye ni jirani yangu, ila maneno ni yangu, na nimemwomba anisomee mara mbili kabla ya kuituma.

Nalima kabichi, karoti na viazi. Tangu enzi za marehemu mume wangu, wanunuzi walikuja na magari yao kutoka Tanga na Dar es Salaam, wakapakia, wakahesabu noti mbele yangu, nami nikazihesabu tena, tukaagana. Kesho yake nilipanda noah ya alfajiri hadi Lushoto mjini, nikapanga foleni benki, nikampa pesa binti wa dirishani, akanigongea muhuri kwenye karatasi. Karatasi hizo ninazo tangu mwaka 2009, zote kwenye bahasha moja. Nikizipanga naweza kukueleza kila msimu ulikwendaje.

Siku hizi wanunuzi hawabebi pesa. Wanasema barabarani kuna hatari, nami siwalaumu. Wanasema, "Mama, taja namba tukurushie." Simu yangu ni ya kitochi na zile menyu zinanichanganya, basi anayenishughulikia ni mjukuu wangu wa miaka 19, aliyemaliza kidato cha nne. Yeye ndiye aliyeweka namba ya siri, na yeye ndiye anayekwenda kwa wakala kutoa. Laini nayo haiko kwa jina langu. Mwanzoni mwa 2020, tulipoambiwa laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zitafungwa, mashine ilikataa vidole vyangu, jembe limevifuta. Akasajili mkwe wangu, mume wa binti yangu, kwa kitambulisho chake. Siku hizi yeye na binti yangu hawaelewani, kila mtu yuko kwake. Hilo nalitaja tu, halina tatizo.

Tatizo ni hili. Msimu huu mnunuzi alituma 850,000, mjukuu akaniletea 770,000. Nikampigia mnunuzi, akaapa ametuma zote, akamsomea mwalimu ujumbe wake. Mara ya pili zikatumwa 400,000, zikapungua tena. Nikiuliza naambiwa, "Bibi, makato yamepanda, serikali inakata." Hivi simu ndiyo inayokula pesa zangu?

Nilipokwenda benki kutoa 60,000, binti wa dirishani aliniambia kwa upole kwamba kiasi kama hicho siku hizi kinatolewa kwa wakala wa nje. Nilitoka nikijisikia kama mgeni aliyekaa mpaka wenyeji wakaanza kufagia.

Mwanangu mkubwa yuko Dar es Salaam. Anataka nifunge akaunti, pesa yote ikae kwenye simu, naye aniangalizie akiwa huko huko. Anasema hata benki hufungwa, na nauli ya Lushoto naitupa. Mdogo wake wa kike anasema nikatae simu, nidai taslimu na niweke ndani. Lakini ndani nako napaogopa. Juni 2025 nilipofungua sanduku la marehemu nilikuta noti kuukuu, 230,000, zimefungwa kwenye leso. Nikaambiwa muda wa kuzibadilisha umepita. Nililia, na si kwa sababu ya pesa tu. Alizificha kwa ajili yetu.

Nifunge benki? Nikatae simu? Na huyu mjukuu nimwambie nini?

Mama wa kabichi, Lushoto

JIBU

Shikamoo mama. Umenizidi, kwa hiyo mimi ni mwanao.

Nianze na lile ulilosema halina tatizo, kwa sababu ndilo lililonitoa usingizi. Laini yako ina jina la mkwe wako. Namba yake ya siri iko kichwani mwa mjukuu wako. Mzigo ni wako, jembe ni lako, lakini pesa ikishaingia kwenye simu hiyo, kwenye kumbukumbu za kampuni ni pesa ya mtu aliyejitenga na binti yako. Akiamka kesho akaenda dukani kwao na kitambulisho chake, akasema laini imepotea, atapewa nyingine yenye namba ile ile, yako itazimika, na wewe huna karatasi hata moja ya kuonyesha. Sisemi atafanya hivyo. Nasema hakuna kinachomzuia.

Kwa hiyo kabla ya swali la benki au simu kuna swali la jina, na hilo lina dawa. Piga *106# kwenye simu hiyo hiyo ya kitochi, haihitaji intaneti. Menyu itakuonyesha usajili wa laini ukoje. Kisha mkwe aende nawe, au mkutane, kwenye duka la kampuni ya simu, si kwa kijana wa mwavuli barabarani, mhamishe umiliki uje kwenye namba yako ya kitambulisho cha taifa (NIDA). Kuhusu vidole, usikubali mashine ikatae mara moja ukaondoka. Una vidole kumi, waombe wajaribu kimoja kimoja. Nenda siku ambayo hujashika jembe, na mikono uipake mafuta usiku wa kuamkia safari. Wakulima, mafundi uashi na mama wanaofua kwa mikono walipata shida hii hii mwaka ule wa 2020, na wengi wao, kama wewe, walichukua njia ya mkato ya kusajiliwa na ndugu. Hukukosea peke yako.

Najua kwenda kwa mkwe kumwomba jambo kama hili ni kazi nzito, na hasa sasa. Usiende mwenyewe. Mtume kaka yako, mjomba wa binti, amweleze jambo moja ambalo litamfanya aharakishe: kama kuna deni lolote kwenye laini hiyo, kwa maandishi mdaiwa ni yeye.

Na naona kuna deni. Kutoka 850,000 hadi 770,000 ni pungufu la 80,000. Makato ya kutolea pesa yapo, na kwa kiasi kama hicho si madogo, lakini hayafiki huko. Mjukuu anaposema serikali inakata, hajatunga kitu hewani. Tozo ya miamala iliyoanza Julai 2021 iliwaumiza watu, wengi wakarudi kwenye noti mpaka ikapunguzwa, na tangu hapo kila pesa inayopotea kwenye simu inasingiziwa serikali. Bango la makato hubandikwa ukutani kwa wakala. Mwombe mwalimu akusomee mstari wa kiasi chako, utajua mwenyewe haki yao ni shilingi ngapi.

Kinachobaki baada ya hapo, nadhani kimekwenda hivi. Kampuni za simu zina huduma ya kukuongezea salio lisipotosha. Unataka kutuma 20,000 una 5,000, mfumo unakuuliza kama ukukopeshe iliyobaki, unakubali, pesa inakwenda. Pesa yoyote ikiingia baadaye, deni linakatwa papo hapo na ada yake, kabla hujaigusa. Kuna na mikopo mingine ya menyu ambayo haina fomu wala mdhamini. Na mfumo hupima ukubwa wa mkopo kwa pesa zinazopita kwenye laini. Kijana wa miaka 19 asiye na kazi, kwenye laini yake mwenyewe, angekopeshwa vijisenti. Kwenye laini yako anakopesheka, kwa sababu kila gari la kabichi linalolipwa linamwongezea kiwango. Simu haijala pesa zako, mama. Pengine imekopesha kwa jasho lako na kujilipa kwa jasho lako.

Nimesema nadhani, na ndipo nakuomba usimwite mwizi bado. Mkiwa dukani na mkwe kuhamisha umiliki, ombeni hapo hapo taarifa ya miamala ya miezi sita. Ni karatasi kama zile za kwenye bahasha yako, ila ndefu zaidi: kila kilichoingia, kilichotoka, kwenda kwa nani, saa ngapi. Muulize mhudumu kama kuna mkopo unaodaiwa. Kisha keti na mjukuu wako, nyinyi wawili tu, karatasi ikiwa katikati yenu, mwambie amsaidie bibi yake kusoma. Kama alikopa, atafika mstari wenyewe ataunyamazia. Mpe nafasi ya kusema. Kijana aliyeachiwa namba ya siri ya bibi yake bila kuhesabiwa, msimu baada ya msimu, alitwishwa jaribu zito kuliko umri wake, na sisi wazazi tuna sehemu yetu katika hilo. Deni alilipe, hata kwa kupalilia karoti. Lakini hata kama karatasi itamsafisha kabisa, kazi ya namba ya siri inaishia siku hiyo.

Maana namba hiyo utaiweka wewe. Usiniambie huwezi. Mama yangu mzazi hakusoma kabisa, na alijifunza menyu ya pesa kwa kuhesabu, kama mtu anayehesabu mishono ya mkeka: moja, kisha moja tena, kisha namba ya mtu, kisha kiasi. Ilimchukua wiki mbili akifanya mazoezi ya kunitumia mia tano mia tano, nami namrudishia. Kuangalia salio alijifunza siku moja. Wewe una kumbukumbu ya misimu yote tangu 2009. Namba nne zitakaa. Zisiwe mwaka wako wa kuzaliwa, wala namba za mwisho za simu, kwa sababu hizo ndizo mtu wa nyumbani hujaribu kwanza.

Sasa benki. Usifunge akaunti.

Mwanao ana kweli moja. Ni kweli benki hufungwa: Januari 2018 Benki Kuu ilifuta leseni za benki ndogo tano kwa mpigo. Lakini amalizie habari. Waliokuwa na akiba humo walikuwa na kinga ya Bodi ya Bima ya Amana, wakati ule hadi 1,500,000 kwa mtu, na kiwango hicho kimepandishwa baadaye. Waliozidisha hapo walisubiri ufilisi. Na kuna jambo ambalo watu wengi wanaokwambia "benki imepitwa na wakati" hawalifahamu: hiyo pesa ya kwenye simu yenyewe inalala benki. Sheria ya Mifumo ya Malipo ya mwaka 2015 na kanuni zake zinazitaka kampuni zitunze pesa za wateja kwenye akaunti za amana ndani ya mabenki, zisichanganywe na pesa za kampuni. Kwa hiyo kuhama benki kwenda kwenye simu ni kuhamisha mlango tu. Ghala ni lile lile.

Swali linakuwa ni mlango gani unafaa kwa kiasi gani. Mimi simu naifananisha na pindo la khanga. Pindoni unafunga nauli, pesa ya chumvi na sabuni, na mia mbili ya mtoto. Hakuna mama anayefunga bei ya shamba zima pindoni akapita nayo gulioni. Pesa ya gari ipokee kwa simu, kwa sababu wanunuzi wana haki ya kuogopa kubeba noti, na wewe ukikataa watakwenda shamba la jirani. Lakini siku hiyo hiyo iondoe uipeleke kwenye akaunti yako ya benki, moja kwa moja kutoka kwenye menyu, au kupitia wakala wa benki. Hao mawakala wa benki ndio binti wa dirishani alikuwa anakuelekeza kwao. Wana kibali tangu Benki Kuu ilipotoa mwongozo wao mwaka 2013, na mashine yao inatoa stakabadhi. Bahasha yako haitakosa karatasi. Lakini binti yule angeweza kukueleza hayo ukiwa umekaa, badala ya kukuacha utoke na unyonge. Ukirudi, mwombe akuelekeze jina la wakala aliye karibu na kijiji chako na akuandikie. Ni haki ya mteja wa tangu 2009.

Kuna jambo moja hapa ambalo mpangilio wake ukikosewa litakuumiza kuliko yote. Usiunganishe akaunti ya benki na laini hii kabla laini haijawa yako na namba ya siri haijabadilishwa. Watakuambia benki kwamba unaweza kuiona akaunti kwenye simu, na ni huduma nzuri kweli, itakuokoa nauli nyingi. Ila ukiiunganisha leo, anayeshika laini na namba za siri atakuwa ameshika kabichi za msimu huu na akiba yote ya nyuma. Kwanza jina. Kisha namba ya siri. Kisha benki.

Na ombi la mwanao la kukuangalizia akiwa Dar es Salaam, lipokee kwa nia aliyolitolea, maana sioni ubaya ndani yake, lakini usilikubali lilivyo. Utakuwa umetoka mikononi mwa mjukuu umeingia mikononi mwa mwanao, na kila ukitaka sukari utapiga simu mjini kuomba pesa yako mwenyewe. Mwambie hivi: "Baba, nisaidie kujifunza, usinisaidie kushika." Akija likizo akufundishe. Anapokutumia chochote, aongeze na ya kutolea. Na ajue una akaunti benki gani, na tawi gani, ili siku Mungu akikuita wasihangaike; msimamizi wa mirathi atakayeteuliwa na mahakama ndiye atakayeifungua. Kujua akaunti iko wapi ni kitu kimoja, kuwa na ufunguo wake ni kingine.

Siku ya kupakia, usiruhusu gari liondoke kwa sababu ujumbe umeingia. Ujumbe wa malipo hughushiwa, unatumwa kutoka namba ya kawaida ukiwa na maneno yale yale. Ingia kwenye menyu, angalia salio kwa macho yako. Salio likiwa limepanda, gari liondoke. Mtandao ukisumbua, gari lisubiri, na dereva akikasirika mpe chai. Ukiletewa ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii," hata kama siku hiyo kweli unadaiwa na mtu, usitume. Mpigie mdai wako kwa namba unayoijua. Ujumbe huo wa kitapeli usambaze kwenda 15040, ndiyo namba ya kuripoti, kisha ufute. Mtu akikupigia akisema ametokea kampuni ya simu na anataka namba ya siri, kata. Kampuni haiihitaji kwa lolote. Na kwa wakala, subiri jina la anayepokea litokee kabla ya kuthibitisha, ulisome au usomewe. Wakala wa kijijini mara nyingi hana noti za kutosha siku ya gulio, kwa hiyo ukihitaji laki tatu za vibarua mwambie jana yake.

Binti yako wa pili anayekutaka uweke ndani, mwonyeshe ile leso. Benki Kuu ilitangaza kwamba noti za zamani zilizotolewa kati ya 1985 na 2003, pamoja na ile ya 500 ya mwaka 2010, zibadilishwe kuanzia tarehe 6 Januari hadi 5 Aprili 2025. Baada ya hapo si pesa tena. Mumeo alikusanya kwa miaka, akafunga vizuri, hakuna mwizi wala mchwa aliyezigusa, na bado zikafa sandukuni, kwa sababu pesa iliyofichwa haina wa kuipelekea habari. Nakupa pole, mama. Nimesoma mstari huo wa barua yako mara nyingi. Zitunze zile noti na leso yake. Kwa watoto wako zina thamani ambayo benki haiwezi kuibadilisha.

Ndani weka pesa ya dharura tu: ya kumpeleka mgonjwa usiku, na ya siku mbili tatu ambazo mtandao umelala. Zisizidi pale ambapo zikiibwa utasikitika lakini utalala.

Basi hii wiki usilipe wala usipokee kitu kikubwa kwenye laini hiyo. Kama kuna gari linakuja, mwombe mnunuzi aingize moja kwa moja kwenye akaunti yako ya benki. Anaweza kufanya hivyo kutoka kwenye simu yake, na namba ya akaunti ipo kwenye kila karatasi ya bahasha yako. Wakati huo kaka yako awe njiani kwa mkwe. Mwalimu aliyekuandikia barua hii anaonekana ni mtu mwema. Akusaidie kupiga *106#, akusindikize dukani, akusomee taarifa ya miamala mstari kwa mstari. Ila mhudumu atakapokupa simu uchague namba mpya ya siri, mwombe na mwalimu ageuke aangalie ukutani.